Kuandika makala ya utafiti inayoeleweka: mambo yanayochanganywa na namna ya kuyatenganisha

Maneno "utafiti mpya umebaini" husikika karibu kila siku katika taarifa za habari, na anayeyasikia mara nyingi huyachukulia kana kwamba jambo limekwisha kuthibitishwa na mjadala umefungwa. Upande wa pili yuko mwanafunzi aliyemaliza tasnifu yake, ambaye huambiwa "sasa ichapishe" naye akadhani kwamba kazi iliyobaki ni kupunguza kurasa tu. Watu hawa wawili hawafahamiani, lakini kinachowasumbua ni kimoja: hakuna aliyewaeleza makala ya utafiti ni kitu gani, inaandikwa kwa ajili ya nani, na kwa nini ina umbo lile ililo nalo.

Tuanze na istilahi. Makala ya utafiti ni ripoti ambayo mtafiti huwaandikia watafiti wenzake ili kuwaeleza swali alilojiuliza, njia aliyoitumia kulijibu, alichokiona, na maana ya alichokiona. Jarida la kitaaluma ni chapisho linalotoka kwa vipindi na ambalo hupokea ripoti za namna hiyo katika fani fulani. Kabla ya kuchapishwa, ripoti huitwa muswada. Mhariri wa jarida huusoma muswada kwanza, na akiona unafaa huutuma kwa wapitiaji, yaani wataalamu wa fani hiyo hiyo, kwa kawaida wawili au watatu, ambao hawakushiriki katika utafiti wenyewe. Wapitiaji hao huandika maoni yao, na mhariri huamua kama muswada ukubaliwe, urudishwe kwa marekebisho au ukataliwe. Utaratibu huo ndio unaoitwa mapitio ya wataalamu wenza.

Majarida ya kwanza ya kisayansi yalianza mwaka 1665, moja Paris na jingine London, ambako Henry Oldenburg, katibu wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, alianzisha Philosophical Transactions. Kabla ya hapo wanasayansi waliandikiana barua, na wengine walificha ugunduzi wao kwa mafumbo ili wasinyang'anywe. Jarida lilileta mapatano mapya: ukitaka utambuliwe kuwa wa kwanza, sharti uweke wazi ulichokifanya, mbele ya watu ambao wanaweza kukukosoa. Mapatano hayo ndiyo msingi wa kila kanuni ya uandishi nitakayoieleza hapa, na kwa maoni yangu asiyeyaelewa huishia kuzikariri kanuni hizo bila kujua zinalinda nini.

Kutokana na hilo, uwazi katika makala ya utafiti si pambo linaloongezwa mwishoni baada ya sayansi kukamilika. Kama msomaji hawezi kuona ulifanya nini, hawezi kukukagua. Na jambo lisiloweza kukaguliwa, hata liwe la kweli, bado halijaingia katika hazina ya maarifa ya pamoja.

Tasnifu si makala ndefu

Tasnifu huandikwa ili kuonyesha kwamba mwanafunzi amesoma vya kutosha na anaweza kutafiti. Msomaji wake mkuu ni mtahini, na mtahini analazimika kuisoma yote. Makala haina msomaji anayelazimika. Anayeifungua ana makala nyingine ishirini mbele yake, na ataamua ndani ya dakika chache kama hii inamfaa. Kwa hiyo sura nzima ya mapitio ya machapisho, ambayo katika tasnifu ilikuwa ushahidi wa bidii, katika makala inakuwa aya tatu au nne zinazoonyesha tu pengo ambalo utafiti huu umekuja kuliziba.

Urefu nao haupimi uzito. Makala ambayo James Watson na Francis Crick waliitoa katika jarida la Nature tarehe 25 Aprili 1953, wakieleza umbo la DNA, kemikali inayobeba sifa za urithi, ilianzia ukurasa wa 737 na kuishia wa 738. Walikuwa na jambo moja la kusema, wakalisema. Watafiti wengi wanaoanza hushindwa hapo hasa, kwa sababu tasnifu yao ina matokeo matano na wanatamani yote yaingie. Zoezi ninaloliamini ni hili: kabla ya kuandika aya ya kwanza, andika sentensi moja inayoanza na "Tumeonyesha kwamba". Ikiwa sentensi hiyo inahitaji viunganishi vitatu ili ikamilike, huenda una makala mbili, au bado hujajua makala yako ni ipi. Kosa la upande wa pili pia lipo, la kukata utafiti mmoja vipande vyembamba ili orodha ya machapisho irefuke, na wahariri hulitambua upesi kwa sababu kila kipande hakisimami peke yake.

Mbegu mia mbili

Ili tusizungumze hewani, tuchukue utafiti mdogo wa kubuni na tuufuate mpaka mwisho. Mtafiti anataka kujua kama kuloweka mbegu za maharage kabla ya kuzipanda huongeza idadi ya zinazoota. Anachukua mbegu 200, analoweka 100 kwa saa 12, anaziacha 100 kavu, kisha anazipanda zote. Baada ya siku saba anahesabu: zilizolowekwa zimeota 82, zilizoachwa kavu zimeota 61.

Makala nyingi za sayansi hugawanywa katika sehemu nne: utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, na mbele yake hukaa ikisiri, ambayo ni muhtasari wa kazi nzima. Mpangilio huu ulienea katika karne ya 20, na sababu yake ni ya kawaida kabisa. Mtu akikusimulia tukio utamuuliza: ulikuwa unatafuta nini, ulifanyaje, uliona nini, na kwa hiyo? Sehemu nne ni majibu ya maswali hayo manne kwa mfuatano huo huo, na kila jibu lina mahali pake. Msomaji anayetaka kujua mbegu zililowekwa kwa muda gani anafungua mbinu moja kwa moja. Hatarajii kuutafuta muda huo katikati ya mjadala.

Sehemu ya mbinu ndiyo inayodharauliwa zaidi, na ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa makala. Kipimo chake ni rahisi: je, mtu asiyekujua, aliye mbali, akiwa na maandishi yako peke yake, anaweza kuurudia utafiti wako? Tazama utafiti wetu wa mbegu. Mbegu zilikuwa za aina gani, na zilivunwa lini? Maji yalikuwa na joto kiasi gani? Zilipandwa kina gani? Nani aliamua mbegu ipi ilowekwe na ipi iachwe? Ikiwa mtafiti alichota tu kiganjani, huenda bila kukusudia alichagua zilizonenepa kwa ajili ya kulowekwa, na hapo hatujui tena kama kilichofanya kazi ni maji au unene wa mbegu. Ndiyo maana makala nzuri haisemi "mbegu ziligawanywa katika makundi mawili" ikaishia hapo; inasema zilipewa namba na kugawanywa kwa kura. Tena, aliyehesabu alijua chungu kipi kina mbegu zilizolowekwa? Jicho linalotarajia kuona chipukizi hulipata hata pale penye mashaka.

Kisha kuna neno ambalo kila mtu anadhani analielewa: kuota. Je, mbegu imeota pale ganda linapopasuka, pale mzizi unapotokeza, au pale chipukizi linapotoboa udongo? Kwa mbegu zile zile na siku ile ile, majibu haya matatu yanaweza kutoa namba tatu tofauti. Sentensi moja, "Mbegu ilihesabiwa kuwa imeota ilipotoa chipukizi linaloonekana juu ya udongo," inaondoa utata ambao aya tano za mjadala zisingeweza kuuondoa. Kila neno linalobeba hesabu yako linastahili fasili ya namna hii, na likishafasiliwa libaki hilo hilo. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia neno ni umaskini wa lugha, na katika insha mafundisho hayo yana nafasi yake. Lakini katika makala ya utafiti, ukiandika "kuota" hapa, "kuchipua" pale na "kuibuka" kule, msomaji makini atasimama na kujiuliza kama umepima mambo matatu.

Matokeo huja bila maelezo ya sababu: ulichokiona, kwa namba, pamoja na majedwali na grafu. Hapa ndipo lugha ya kujikweza hupenda kupenya. Sentensi kama hii si ngeni kwa mtu aliyewahi kusoma miswada: "Ilibainika kwamba ulowekaji wa mbegu ulikuwa na mchango chanya katika suala zima la uimarikaji wa hali ya uotaji kwa kiwango cha kuridhisha." Isome mara mbili. Nani alibaini? Mchango kiasi gani? Kilimridhisha nani? Maneno 22 yamepita na msomaji hajapata namba hata moja. Sasa iweke hivi: "Kati ya mbegu 100 zilizolowekwa, 82 ziliota ndani ya siku saba; kati ya 100 zilizoachwa kavu, ziliota 61." Toleo la pili lina vitenzi vinavyotenda, lina namba za kila upande, na linamwachia msomaji uamuzi wa kuridhika au kutoridhika. Imani kwamba maandishi magumu ndiyo ya kisomi imewapotosha wengi. Istilahi ya fani ni lazima pale inapobeba maana ambayo neno la kawaida haliwezi kuibeba. Nje ya hapo, ugumu huficha tu kwamba mwandishi mwenyewe hajaliona jambo vizuri.

Namba inayosingiziwa mengi

Katika matokeo utakutana na thamani p, na hakuna namba iliyoeleweka vibaya kuliko hii. Inajibu swali moja tu: kama kuloweka hakuna athari yoyote, bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kama hii, au kubwa zaidi, mara ngapi? Ni sawa na kurusha sarafu mara kumi ikaangukia upande mmoja mara tisa. Huwezi kuapa kwamba sarafu ina kasoro, lakini unajua sarafu salama haifanyi hivyo mara nyingi. Kwa mbegu zetu, tofauti ya 82 na 61 ingetokea kwa bahati takriban mara 1 katika 1,000, yaani thamani p ya 0.001 hivi.

Namba hiyo haisemi kwamba uwezekano wa nadharia tete, yaani dai linalojaribiwa, kuwa ya kweli ni asilimia 99.9, wala haisemi athari ni kubwa. Mpaka wa 0.05, ambao wengi huuona kama mstari kati ya ukweli na uongo, ulienezwa na mwanatakwimu Ronald Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1925 kama kiwango kinachofaa kutumika, na mwaka 2016 chama cha wanatakwimu cha Marekani kilitoa tamko rasmi kikionya kwamba hitimisho la kisayansi lisitegemee tu kama thamani p imevuka mpaka fulani. Kwa hiyo makala iliyo wazi hutoa pia ukubwa wa athari na kiasi cha mashaka kilichopo. Kwa mfano wetu: tofauti ni pointi 21 za asilimia, na kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 inaweza kuwa kati ya pointi 9 na 33. Mkulima akisikia pointi 9 na akisikia pointi 33 anaweza kuamua mambo mawili tofauti, na ana haki ya kuujua upana huo.

Na kama tofauti isingeonekana? Wengi hudhani kwamba hapo hakuna makala. Dhana hiyo ina madhara kwa sayansi nzima, kwa sababu tafiti kumi zikifanyika na ikachapishwa ile moja tu iliyoonyesha athari, atakayesoma machapisho atapata picha isiyo ya kweli ingawa hakuna mtafiti hata mmoja aliyesema uongo. Utafiti uliofanywa vizuri ukakosa athari ni habari, na yapo majarida yanayoupokea kwa moyo ule ule yanaoupokea ule uliopata.

Katika mjadala mtafiti anaruhusiwa kufasiri, lakini kwa kipimo. Mbegu 200 za aina moja, katika udongo wa aina moja, zinaruhusu kusema kwamba kuloweka kuliongeza uotaji katika mazingira haya. Haziruhusu kusema kwamba wakulima wote waloweke mbegu. Aya ya mipaka ya utafiti iandikwe na mtu anayejua kweli pale ambapo kazi yake ni dhaifu. Aya zinazotaja "muda na fedha vilikuwa haba" hazimsaidii msomaji. Inayosema kwamba mbegu zote zilitoka katika gunia moja inamsaidia sana.

Utangulizi, ikisiri na kichwa huandikwa vizuri zaidi mwishoni, ingawa msomaji huvikuta mwanzoni. Wengi wa watakaoiona makala hawatavuka ikisiri, kwa hiyo namba kuu lazima ziwemo humo. Ikisiri inayosema "matokeo yanajadiliwa" imemnyima msomaji kile alichokijia. Kichwa nacho kitaje kilichopimwa: "Athari ya kuloweka mbegu za maharage kwa saa 12 katika uotaji" kinamtosha anayetafuta, kuliko "Uchunguzi kuhusu baadhi ya vipengele vya mbegu".

Kuchapishwa na kuthibitishwa

Turudi kwa msikilizaji wa habari. Wapitiaji husoma muswada; kwa kawaida hawarudii jaribio, na mara nyingi hawaoni data yote. Wanaweza kugundua mbinu mbovu, hesabu isiyokaa sawa na hitimisho lililozidi ushahidi, lakini data iliyotungwa kwa ustadi inaweza kuwapita. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji, ikitegemea watoto 12 tu. Jarida liliifuta mwaka 2010, baada ya miaka 12 ambayo hofu ilikwisha kuenea, na tafiti kubwa zilizofanywa baadaye hazikuuona uhusiano huo. Kuchapishwa ni kuingia mahakamani na ushahidi wako. Hukumu huja polepole, wengine wanapojaribu tena na kupata au kukosa ulichokipata.

Hata hivyo mapitio hayo, pamoja na upungufu wake, yanaokoa. Mwaka 1936 Albert Einstein, pamoja na msaidizi wake Nathan Rosen, alipeleka kwa jarida la fizikia Physical Review muswada uliodai kwamba mawimbi ya mvutano, yaani mitikisiko ya nafasi na wakati inayotokana na mwendo wa vitu vizito sana, hayapo. Mhariri aliutuma kwa mpitiaji, naye akaona kasoro. Einstein alikasirika kwamba kazi yake ilionyeshwa mtu mwingine kabla ya kuchapishwa, akauondoa. Baadaye kosa lilitambuliwa, na makala ikatoka katika jarida jingine ikiwa na hitimisho lililobadilika. Mwaka 2015 mawimbi hayo yalinaswa na mitambo kwa mara ya kwanza. Ikiwa Einstein alihitaji jicho la pili, sioni kwa nini yeyote kati yetu aone aibu kurudishiwa muswada wenye maoni kurasa tatu.

Namna ya kuyajibu maoni hayo ni ufundi wa peke yake. Tuseme mpitiaji ameandika: "Haieleweki mbegu ziligawanywa vipi." Jibu baya, ambalo huandikwa kwa hasira, ni "Imeelezwa ukurasa wa 4." Labda imeelezwa kweli, lakini mtaalamu aliyesoma kwa makini hakuiona, na msomaji wa kawaida ataiona? Jibu linalofaa linanukuu hoja ya mpitiaji, linakubali kwamba sentensi haikuwa wazi, na linaweka hapo hapo sentensi mpya pamoja na ukurasa na mstari wake. Mwandishi si lazima akubali kila kitu. Akitofautiana na mpitiaji, aeleze kwa ushahidi kwa nini, bila maneno ya kujitetea.

Kuhusu majina ya waandishi, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inataka kila anayetajwa awe amechangia kwa uzito katika utafiti, ameshiriki kuandika au kuhakiki muswada, ameidhinisha toleo la mwisho, na anakubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Mkuu wa idara aliyetoa chumba tu hushukuriwa mwishoni. Programu za akili unde (AI) nazo haziwezi kuwa mwandishi, kwa sababu haziwezi kuwajibika. Aliyezitumia anapaswa kusema alizitumia wapi.

Suala la malipo nalo huchanganya. Yapo majarida halali yanayomtoza mwandishi ili makala isomwe bure na kila mtu, kwa hiyo ada peke yake si dalili ya utapeli. Dalili ni barua pepe ya sifa tele kutoka kwa jarida usilolijua, ahadi ya kukubaliwa ndani ya siku mbili, ada inayotajwa baada ya muswada kukubaliwa, na majina ya wahariri ambao ukiwauliza hawana habari.

Muswada ukishakubaliwa, hurudi mara moja tena ukiwa umepangwa katika kurasa za jarida, na mwandishi hupewa siku chache tu za kuukagua. Uchovu wakati huo ni mkubwa na kishawishi cha kuuidhinisha bila kuusoma ni kikubwa pia. Usomeni wawili: mmoja ashike daftari la data, mwingine asome kwa sauti jedwali kwa jedwali, tarakimu kwa tarakimu, maana 82 iliyogeuka 28 haitashtua programu yoyote ya kusahihisha tahajia, na ikishachapishwa itabidi irekebishwe kwa tangazo rasmi ambalo wengi wa waliokwisha kuinukuu hawataliona.